Doa Ng'ambo ya Kijito

Ofisini, 3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za msituni, na goti linasemaje? Sisi huku wazima. Mama anauliza kama bado unapika uji wa mabonge.

Nina kazi kwako. Kwenye picha za setilaiti kuna doa ng'ambo ya kijito, karibu na kibanda chako. Unajua jani lenye uhai hutumia mwanga wa jua, lakini ule tusiouona kwa macho huurudisha juu kwa wingi. Msitu wote unaurudisha. Doa hili ni la kijani kama kwingine, ila haliurudishi vizuri. Nahofia ugonjwa wa miti. Ukishamaliza vipimo vyako vya jua kwenye ule mnara wa kibandani, nenda ukanichumie majani machache, umpe dereva anayekuletea chakula.

Mpwa wako


Kibandani, 10 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida yake. Mwambie dada uji wenyewe naupenda hivyo hivyo.

Nimekwenda. Hakuna ugonjwa. Ni matawi yaliyokatwa, yametandazwa juu ya nyavu, na kwa macho ungeapa ni kichaka. Nilipoinua mkono nichume jani, mtu akakohoa chini ya nyavu. Nikaona mapipa, nikaona mtutu wa bunduki. Nilirudi kinyumenyume.

Jana akaja mwanamume mmoja mpole kuomba chumvi. Akautazama mnara.

"Mzee, hicho kidude kinaangalia nini?"

"Jua, mwanangu. Kinapima jua tu."

Akacheka, akaondoka na chumvi yote. Tangu hapo usingizi umenihama. Nifanyeje?

Mjomba wako


Ofisini, 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mengine baadaye. Panda gari hilohilo lililokuletea barua hii, acha vyombo, acha kila kitu. Picha ya leo ina doa la pili, na hili liko kati yako na barabara. Mkuu wa ofisi ameuliza nimeona nini, nikamwambia mawingu yameziba. Askari wakija nawe umo humo, utajikuta katikati ya risasi. Nimefunga mdomo mpaka nikuone.

Mpwa wako


Ofisini, 17 Machi

Mjomba,

Sijui naandika barua hii iende wapi. Ile nyingine dereva amenirudishia haijafunguliwa. Anasema mlango ulikuwa wazi, uji umegandia sufuriani, na viatu vyako viko kizingitini. Viatu, mjomba! Nimemweleza mkuu yote. Askari wamekwenda, wamekuta nyavu tupu. Mama hali chakula.

Ikiwa anayesoma hapa ni mtu mwingine: huyo ni mzee, goti lake bovu, hana ubaya na mtu. Mwachieni.

Mpwa wake


Hospitalini, 2 Aprili

Mpwa wangu,

Ni mimi, na ni mzima, isipokuwa nyayo. Walinitembeza peku.

Waliziona alama za viatu vyangu karibu na nyavu. Mkubwa wao hakupaza sauti hata mara moja. "Nani alikutuma kwenye majani yetu?" Nikasema sijatumwa. Akaniwekea mtutu sikioni. Hapo nilisema, mpwa wangu. Nilisema jani likikatwa hujitangaza huko juu, na kwamba anayejificha chini ya mti ulio hai haonekani. Akauliza nani huzitazama picha. Nikasema ni mpwa wangu.

Wakaniacha kando ya barabara. Yule wa chumvi akaniambia, "Asante, mwalimu."

Usilale chumbani kwako. Mchukue mama yako, ondokeni.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole, pole sana. Sina kinyongo. Ningewekewa mtutu mimi, ningetaja hata paka wa jirani. Mimi na mama tumehamia mahali ambapo sitapaandika humu. Dereva atakuja kukuchukua, naye atakuleta.

Ofisini wameweka mlinzi. Kila mtu akisukuma mlango, nageuka kumtazama. Leo imekuja picha mpya. Msitu wote unang'aa sawasawa, hakuna doa hata moja. Mkuu akapiga makofi: "Wamekimbia!" Wenzangu wakashangilia.

Mimi niliitazama mpaka macho yakaniuma. Miti yote hai, mjomba, yote mizuri, na sijui wako chini ya upi.

Mpwa wako