Kaburi Moja, Mwalimu Mmoja

Kibiti, Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu nimenenepa. Watu wananitazama sokoni wanasema, "Agatha, msiba umekupenda." Shangazi Perpetua ndiye aliyenitetea. Kasema mtu akitua mzigo lazima mwili urudi. Sina la kuongeza. Ni miezi mitano sasa tangu tukuzike, nakulilia bado, hasa nikisikia mtu anakohoa kule nje kama ulivyokuwa unakohoa kabla ya kuingia darasani. Lakini nikimaliza kulia nahisi wepesi, Baba. Nimeona nikuandikie nikueleze wepesi huo umetoka wapi, maana wewe uliondoka kabla hujaona mwisho wake.

Tuanzie pale pabaya. Miaka minane iliyopita nilibatizwa mara ya pili, ubatizo wa maji mengi, mtoni. Kikundi chetu cha maombi kilikuwa kimeshajitenga na kanisa lako, tukawa tunasali chini ya turubai nyuma ya ghala la korosho. Watu wa Kibiti wakatupa majina: nyie Kanisa la Kengele, sisi Kanisa la Turubai. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Wewe ndiye uliyenibeba kwenda kubatizwa nikiwa na wiki sita. Uliposikia habari ulisema jambo moja tu, mbele ya Shangazi: "Ameingia mto wenye mamba kutafuta kitu alichokwishapewa." Na kweli Baba, mamba walikuwepo. Wanaume wanne walisimama majini wanapiga mto kwa miti ya mikoko ili mamba wakimbie, na mchungaji wetu akaniinua haraka haraka, sijui hata kama alimaliza maneno yote.

Hilo la mamba ningelicheka. Lakini Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya watu, ukafungua daftari la washarika, ukasoma jina langu. Agatha binti Wilfredi. Ukachukua kalamu. Ukasema, "Siku ya hukumu msiniulize habari za huyu. Simjui." Sikuwepo, nililetewa maneno hayo kabla ya mchana, yakiwa bado ya moto.

Nami nikajibu, Baba. Hukuwahi kusikia nilichosema, lakini leo nakwambia. Nilisimama chini ya turubai nikashika kipaza sauti nikasema tuwaombee watu wanaoingia kuzimu wakiwa na vyeo kanisani, nikasema nina mmoja wa damu yangu. Wakapiga makofi. Nililala vizuri siku ile, nikajiona shujaa.

Basi ndivyo tulivyoishi. Mji mdogo huu, Wakristo wenyewe tunahesabika, na bado tulikuwa tunapishana barabarani. Nakuamkia, "Shikamoo Baba." Unajibu, "Marahaba," hupunguzi mwendo. Mtu uliyenifundisha kusoma ndani ya boti, tukitoka Nyamisati kwenda Salale ulikohamishiwa kufundisha! Nilikuwa na miaka mitano, ukaniwekea kidole kwenye maandishi yaliyopakwa ubavuni mwa boti, ukasema, "Soma hilo, ukimaliza tutakuwa tumefika." Nilisoma jina lile safari nzima. Na Salale ukanifundisha kumenya kamba kwa mkono mmoja kama watoto wa pale, halafu ukashindwa wewe mwenyewe, ukala na maganda yake. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nashukuru Mama alitangulia, hakuona ile miaka minane.

Mwezi wa mwisho wa uhai wako Shangazi alikuja mpaka kwenye turubai, katikati ya maombi. Hakuvua hata viatu. Aliniambia miguu yako imevimba mpaka magotini, na kwamba umetaja jina langu mara tatu tangu asubuhi. Nilikwenda na Biblia mkononi. Nakiri nilikwenda kukuokoa. Nilikuwa nimepanga na maneno.

Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti cha kamba, miguu juu ya stuli. Nikaanza, "Baba, nimekuja tuombe." Ukaniambia, "Ngoja kwanza. Kaa." Nikakaa chini. Ukanitazama usoni. Kisha ukasema:

"Agatha, mimi siogopi kufa. Nimezika wengi, naujua mlango ule. Naogopa kuulizwa. Nilipewa mtoto mmoja. Nitaulizwa yuko wapi, na mimi nilishajibu mbele ya kanisa zima kwamba simjui."

Nikaiweka Biblia chini. Nilitaka kukwambia umesamehewa, nikashindwa, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Nikakwambia nusu. Nikasema, "Hata mimi nimekusema vibaya, Baba." Ukauliza, "Vibaya kiasi gani?" Nikasema, "Kwa kipaza sauti."

Ukacheka! Baba, ulicheka mpaka kikohozi kikakushika na Shangazi akaja mbio na maji. Ukasema, "Basi Mungu ametusikia wote wawili, na hakutuua. Tumshukuru." Nimehubiriwa habari za hukumu maisha yangu yote, na mimi nimeihubiri, siku zote ikiwa ya watu wengine. Siku ile hukumu ilipita sebuleni kwako, saa nne asubuhi, ikatukuta sote tumekosa, ikatuacha tunakunywa chai.

Wiki tatu tulizopata baada ya hapo nazihifadhi. Nilikusomea, ukanisahihisha matamshi. Ukanieleza unataka ukifa wakuzike wote, wa kengele na wa turubai, na mimi nisome zaburi kaburini. Nikasema, "Nitasoma." Nilijua haitakuwa rahisi, lakini nilikuahidi.

Ulikwenda alfajiri ya Alhamisi, kimya, Shangazi amekushika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Sasa hapa ndipo habari usiyoijua.

Kabla hata ya saa tatu wazee wa kanisa lako walikuja. Walinipa pole vizuri, kisha wakasema msiba ni wa kanisa, taratibu ni za kanisa, mimi nitakaa na wafiwa ila kusoma hapana, na kwaya yetu isije. Nikaenda kwa mchungaji wangu. Naye akasema kama hawatutaki, basi na sisi tusiende, tutafanya maombi yetu pale pale kwenye turubai. Nikamwambia, "Mchungaji, yule ni baba yangu." Akasema, "Najua, dada, lakini heshima." Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye jamvi, sina upande. Nilikuchukia kidogo, Baba. Nilisema moyoni, umeniachia ahadi isiyotekelezeka ukaenda zako kupumzika.

Mchana ule wakaja watu wa Salale. Sikuwaita. Habari ilifika kwa simu, wakavizia maji yakijaa, wakapanda boti mbili mpaka Nyamisati, halafu gari. Walifika kama thelathini, kanzu zimerowa matope pindoni, akina mama na makapu ya mchele. Mbele yao alikuwa Shamte, mwanafunzi wako wa darasa la kwanza kabisa kule kisiwani, sasa ana mvi kukushinda. Hawakuuliza habari za taratibu. Waliomba majembe, wakauliza ni wapi, wakachimba.

Walipomaliza walikuta Wakristo tumesimama mafungu mawili. Wa kengele kulia na vitabu vyao vya nyimbo. Wa turubai walikuja hatimaye, wamesimama mbali karibu na mikorosho, mchungaji wangu amekunja mikono. Jeneza lako katikati, na la aibu ni kwamba kulia walibaki wanaume wanne wa kubeba, wote wazee kama wewe, na mmoja anatembea na fimbo.

Shamte akatazama huku, akatazama kule. Akajifuta udongo mikononi. Akasema kwa sauti ile ya mtu aliyezoea kuita kutoka ng'ambo ya maji:

"Jamani, siye tumetoka Salale, na maji yakipwa hatupiti. Huko kwetu hatujui kengele wala turubai, tunajua Mwalimu. Alitufundisha kusoma, hakutuuliza tunasali wapi. Kaburi tumechimba moja. Kama mnataka mawili semeni mapema, majembe bado tunayo."

Shangazi Perpetua, dada yako pekee, aliyekuwa hajanyamaza kulia tangu alfajiri, akaangua kicheko. Kicheko kabisa, msibani. Akafuata mwinjilisti wako, Lukas, akainamisha kichwa akawa anatikisika mabega, nikadhani analia, kumbe na yeye. Alipoinua uso machozi yanatiririka. Akasema, "Agatha, njoo usome."

Nikasoma. Sauti ilikatika mara mbili, sikusahihishwa na mtu. Vijana wa turubai wakaja wakaingiza mabega chini ya jeneza pamoja na wale wazee, na watu wa Salale wakashika nyuma. Kuimba ndiko kulikotushinda, kwa sababu nyimbo zetu si moja. Tulianza na kuacha mara tatu. Mwishoni mtu, sijui nani, akaanzisha ule wimbo mfupi uliokuwa unawafundisha watoto wa shule ya Jumapili, wa kupiga makofi. Watu wazima, Baba. Tukakuzika kwa wimbo wa watoto. Shamte na wenzake hawakuimba, walisimama na viganja vimefunguliwa wakisoma dua zao taratibu, na hakuna aliyeona ajabu.

Tangu siku ile, nisiseme uongo, hatujawa kanisa moja. Sisi bado tunapiga ngoma kupita kiasi, hapo ulikuwa na haki. Wao bado ibada yao inachosha. Lakini mwezi uliopita alipofariki mama mmoja wa kwetu, mwinjilisti Lukas aligonga kengele. Kengele ile ilikuwa haijawahi kumlilia mtu wa turubai. Tuliisikia tukiwa tumeketi jamvini, tukatazamana, na mchungaji wangu akatoka nje akasimama peke yake mpaka ilipokoma. Tumekubaliana kuzikana. Ni kidogo, lakini ni mahali pa kuanzia, na pengine watu wanaojua watalala kwenye udongo mmoja hujifunza polepole kukaa benchi moja.

Daftari la washarika Lukas alinionyesha. Jina langu lina mstari juu yake, wa kalamu yako, umenyooka vizuri kwa rula. Akauliza kama niandikwe upya. Nikamwambia aache. Sitaki kusahau tulikotoka, na wala mstari ule hauniumi tena.

Mmoja bado hajakubali. Mzee Festo, rafiki yako wa baraza la wazee. Aliondoka makaburini kabla ya zaburi, na mpaka leo anasema tulikuzika kihuni. Jumatano nilikwenda kwake na ndizi. Hakunitazama. Nilimwamkia, akageukia ukutani. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka mkewe akatoka jikoni na kigoda, akakiweka karibu na mlango. Nikakaa. Tulikaa hivyo, mimi na mgongo wa Mzee Festo, mpaka jua likahama.

Basi lala, Baba. Usiulizwe neno tena kwa ajili yangu. Kama kuna atakayeuliza, mwambie nipo, naitwa Agatha, ni wako. Mimi nakuahidi jambo moja. Sitasimama tena mbele ya watu kutaja mtu atakakoishia. Kazi hiyo nimeiacha kwa Mwenyewe, na usingizi wangu umekuwa mtamu ajabu.

Jumatano nakwenda tena kwa Mzee Festo. Kigoda kipo.

Mwanao,
Agatha