Bukari ya Baitalia

Kamina, siku ya Mungu, kisha ya ibada

Yaya Albertine, dada yangu mukubwa,

Wafwako. Minakupigia mikono, magoti chini, hata kama hauko hapa kuniona. Magoti yako yenyewe inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakala yenye tulituma, ilikufikia? Na samaki kule Kinkondja, inakauka muzuri, ao mvua ingali inakusumbua? Sisi huku tuko bazima. Clémentine anakusalimia sana. Anasema samaki yenye ulitutumia ilinukisha nyumba muzima harufu ya kwetu, na tuliimaliza mbio kabisa.

Minaandika ku karatasi, yaya, juu telephone ya Gracia, jirani yako wa soko, yenye tunapitiaka, yeye anasomaka kila habari mbele ya soko yote. Hii habari ni ya macho yako peke.

Unayua kama Sephora, binti yetu, sasa anatumika ku banque kule Lubumbashi. Alisema miaka makumi mbili na tano ya ndoa ya bazazi yake haiwezi kupita na chupa mbili ya Fanta mu nyumba. Akatuma tikiti ya train, akasema tutakula kwa Mama Ornella. Yaya, ile restaurant ya Baitalia, Lubumbashi yote inaiyua. Bakubwa ya mine ya shaba banakuliaka pale, na bantu banangoyea meza mwezi muzima. Florent, chef wangu ku gare ya train, aliposikia alicheka mpaka kofia ikaanguka. Asema minyi na hii tumbo yangu ya bukari ya unga ya mahindi, watanipima ku bascule kwanza, kama mizigo ya wagon.

Tulifika na vumbi ya njia yote mu maskio. Sephora alikuwa ameninunulia costume ya buluu. Clémentine alivaa kikwembe mupya na kilemba mukubwa, chauffeur ya taxi akamuomba ainame kidogo. Ndani ya restaurant, yaya, vitambaa nyeupe, mishumaa, kila muntu glasi tatu, na fourchettes za kulia zimepangwa kama mbao za traverses chini ya rail.

Lakini batoto ya leo banapenda surprise. Sephora alimuleta nkambo yake, mama ya Clémentine, na ndege bila kutuambia. Mama mukwe Marie-Thérèse alikuwa ameshakaa ku kichwa ya meza, na miwani yake, anakunywa mayi yenye kutoa povu na kukunja uso.

Minyi nilisimama ku mulango kama train mbele ya signal nyekundu. Weye unayua juu ya nini. Mama yetu alikuwa amekufa, na weye njo ulienda kuniposea kwa bazazi ya Clémentine. Weye njo uliniambia pale ku mulango yao kama tangu ile siku huyu mama nisimuangalie mu macho, wala nisitie mukono mu chakula mbele yake, mpaka siku utakuya weye mwenyewe kufungula bukwe, ile haya ya mukwe na mama mukwe, na zawadi ya mbuzi. Kisha ulienda kuolewa Kinkondja, vita ikaingia, njia zikakatika, mbuzi ikabakia deni, na sisi wote tukazoea. Mama mukwe akiingia kwetu, minakamata sahani yangu, minaenda kula nyuma ya nyumba, pamoja na kuku. Bajirani banaita ile fasi restaurant ya Éliézer.

Serveur moya, Ruffin, muntu wa Kaniama, aliniangalia, akamuangalia mama, akaelewa bila kuuliza. Akanikalisha ku meza kidogo pembeni, mugongo kwao, akasukuma chungu kubwa ya maua katikati yetu. Akaninongoneza mu Kiluba kama hata yeye eko na mama mukwe. Sephora alicheka, akapiga photo: minyi peke yangu, costume ya buluu, jani ya maua mu sikio.

Ile njo photo yenye uliona ku telephone ya Gracia. Na ulinituma jibu kama umeionyesha kwa bamama yote ya samaki, ukabaambia baangalie, ndugu yako anachunga bukwe hata kwa Baitalia. Nilisikia kama hata ku kanisa walinipigia mikono.

Basi nikaanza kula pale pembeni. Bazungu ya meza ingine walidhani bibi yangu amenifukuza. Ruffin aliniletea nyama nyembamba mpaka unaona maua ya sahani chini yake, na haikupikwa. Nilimuuliza kama makala imewaishia. Alicheka, akaniambia nionje. Yaya, ilikuwa tamu, iliyeyuka mbele ya kutafunwa.

Kisha mulango ya jikoni ikafunguka. Mama Ornella mwenyewe akatoka, muzee wa nywele nyeupe, na bijana babili wakibeba ubao murefu na sufuria. Wakatia ubao katikati ya meza yetu. Akamwanga juu yake, yaya, bukari! Bukari ya mahindi ya njano, laini, na supu nyekundu ya nyama katikati. Akasema kama kwao, siku kubwa ya familia, hakuna sahani: kila muntu anaanzia mbele yake, anakula mpaka katikati, kwenye nyama iko. Akahesabu bantu, akauliza bwana ya ndoa eko wapi. Akakuya kwangu, akasukuma maua na mikono yake. Alizaliwa Lubumbashi, Swahili yake inapita yangu. Asema bukari yake haikatwe kama keki, na muntu mwenye kukataa ubao amekataa bantu yenye kuwa pale.

Niliangalia chini. Hapo mama mukwe akaongea, si kwa minyi, kwa Clémentine, vile desturi inaomba. Asema amuambie bwana yake kama macho ya huyu mama haione tena mbali, na kama atasikia muntu anameza kwa nguvu, atasema ni Sephora. Meza zote zikacheka.

Yaya, nilikaa. Ile photo ni ya kweli, lakini ni ya mbele ya bukari. Kisha ya photo nilikula ku ubao moya na mama mukwe. Minyi upande yangu, yeye upande yake, vichwa chini, mpaka tukakutana katikati. Ilibakia kipande moya ya nyama. Nikavuta kijiko yangu nyuma. Yeye akaisukuma ile nyama kwangu na mugongo ya kijiko yake, akasema, na hii mara aliniambia minyi mwenyewe: kula, mwana wangu, miaka yote ninasikia kijiko yako nyuma ya nyumba, sikuyue kama unashibaka.

Niliikula, na machozi, muntu muzima wa mvi.

Yaya, pardon yangu ni hii. Ulinisifu, na nilinyamaza, juu sifa ilikuwa tamu. Nilikuacha useme uongo mbele ya bamama bila kuyua. Kwa ile, nisamehe. Lakini kwa ile ya kula, nimejaribu kutubu na roho inakataa. Nikikuambia nimetubu, itakuwa uongo ya pili.

Tangu tulirudi, minakamata tena sahani yangu minaenda nyuma. Juzi mama mukwe alikuya. Nilipokuwa kule na kuku, nilisikia anamuuliza Clémentine kama ubao murefu inauzwa wapi huku Kamina.

Weye njo ulifunga, weye njo unaweza kufungula. Kuya, tafazali, mbele ya mvua kuharibisha njia. Mbuzi imeshapatikana. Nimeifunga nyuma ya nyumba, pale pale ku fasi yangu ya kula, na sisi babili, minyi na mbuzi, hatuenee pale.

Utusalimie shemeki na batoto. Gracia naye, lakini usimupe barua. Tunakungoyea ku gare.

Ndugu yako mudogo mwenye kosa,
Éliézer