Nimetoka Hospitali Bila Dawa, Sasa Nashonea Msiba Wangu

Shikamoo mshauri wetu, naomba unisaidie kabla sijazikwa. Mimi ni fundi cherehani, nilikwenda hospitali kwa maumivu ya tumbo, wakakuta uvimbe kwenye ini, nikaingizwa kwenye ile mashine kubwa inayogonga kama fundi bati, nikachomwa dawa ya kung'arisha picha, na daktari akanionyesha jinsi uvimbe ulivyowaka wote mara moja, isipokuwa kovu la katikati lenye umbo la nyota, akasema aina hii si saratani wala haigeuki kuwa saratani, haikatwi, haihitaji dawa, nenda kashone nguo zako. Sasa mume wangu alikuwa nje, na kwao mgonjwa akirudishwa bila hata kidonge ujue wamemkatia tamaa, akaniona natoka mikono mitupu, akaangua kilio pale pale mlangoni, na kabla sijafungua mdomo alishawapigia simu ndugu zake wote.

Nilikusudia kusema ukweli jioni ile, haki ya Mungu, lakini nikamkuta mama mkwe, ambaye miaka yote salamu yangu huiitikia kwa pua, amenipashia maji ya kuoga na kunimenyea chungwa, nikasema moyoni ngoja nile kwanza hili chungwa, likafuatwa na supu, supu ikafuatwa na kukandwa miguu, mpaka leo sijaosha hata kijiko. Jana wifi kaniletea kitambaa cheusi: "Wifi, nishonee gauni. Si la haraka, ila usichelewe." Nakata huku najua ni la matanga yangu mwenyewe. Na mume wangu hali chakula, amekonda, kazi ya udereva wa mabasi aliyoililia miaka yote ameitwa, anataka kuikataa ili asikae mbali nami, na jibu wanalitaka Ijumaa. Niwaambieje bila kufukuzwa?

Ni mimi, Marehemu Mtarajiwa.

JIBU

Marahaba, Marehemu Mtarajiwa. Nimecheka mpaka chai ikapoa, nikafika kwa mume wako, kicheko kikakatika.

Pole kwa hofu uliyopitia. Chungwa sikulaumu, hata mimi ningelila. Supu nayo nakusamehe. Lakini kukandwa miguu na mama wa watu, na wewe u mzima wa afya? Huna haya!

Leo mume wako akirudi, funga mlango, umwambie yeye kwanza. Kesho mrudi wote kwa daktari, aione hiyo nyota kwa macho yake na aulize yote yanayomkera, maana mdomo wako peke yake hataamini. Mama mkwe mwambie mwenyewe, ukiwa umesimama jikoni unaosha vyombo. Atafoka, mwache afoke, umejitakia. Gauni la wifi limalize, umpelekee kwa miguu yako.

Na Ijumaa mwenzako akaitikie kazi yake. Daktari hakukupa dawa kwa sababu hukuihitaji. Mumeo ndiye anayehitaji dawa, na wewe umeibana mdomoni tangu siku ile.