Mshumaa wa Padri Mtawala

Mwalimu Deo,

Umetuachia padri wako, naye ametusumbua kuliko mazishi yako.

Ulipanga mihadhara saba, kila Jumamosi pale Rinkeby, mtaa wetu huku ughaibuni, juu ya padri Mkatoliki wa Ulaya aliyeingia siasa akatawala nchi yake kati ya vita viwili vya dunia. Ulifundisha sita. Katika hiyo sita anatetea wakulima, anaunda chama, anashinda uchaguzi akiwa ndani ya kanzu. Wa saba ulihusu alivyoharibiwa na madaraka. Ulikufa Alhamisi.

Matanga tuliyafanyia darasani kwako, na picha ya padri ilikuwa bado ukutani: kanzu, msalaba, macho ya huruma. Mama Noela wa kikundi cha sala akamwashia mshumaa. Wiki ya tatu akapata nyumba Sundbyberg, baada ya miaka kumi na miwili kwenye foleni ya nyumba za kupanga.

"Huyu mutakatifu anafanya kazi!" akatangaza.

Watu wakaanza kuja mpaka kutoka Fisksätra, upande wa pili wa jiji, kila mmoja na ombi lake la nyumba.

Katika uandishi wangu wa habari nimewahoji makamanda wenye bunduki mezani bila kuogopa. Jumamosi iliyopita, mbele ya Mama Noela, nilitafuta kisingizio cha kuondoka. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukinifokea kila niliporuka aya ya mwisho: "Salome, habari isiyo na mwisho ni uongo!" Nikawasomea daftari lako, mhadhara wa saba. Magazeti yaliyofungwa. Wapinzani gerezani. Uchaguzi ambao haukuitishwa tena.

Mama Noela aliikazia macho ile picha.

"Ndiyo maana alinipa ghorofa ya chini, karibu na reli."

Nilingoja ang'oe picha. Akawasha mshumaa wa pili.

"Kumbe ni yeye mwenye shida. Tumuombee, maskini."

Wakapiga magoti wote. Nikafunga daftari.

Nimekukosa, Mwalimu. Hakuna anayetuunguzia kahawa kama ulivyofanya wewe. Nami niliporudi nyumbani niliandika ukurasa mzima wa sifa zako tupu, nikauchana.

Kuna jambo moja zaidi. Mama Noela ameomba picha yako, aiwashie mshumaa. Anasema ulikufa na uso mzuri.

Lala salama. Nakuahidi nitaandika habari zako zote, pamoja na ile mikate ya mdalasini uliyoficha nyuma ya projekta ukatuambia imekwisha. Hakuna atakayekuomba nyumba.

Salome