Kaka Hageuki Nyuma

Ijumaa, 7 Mei 1954. Butiama

Honi moja. Fupi, karibu kabisa na sikio langu la kulia. Nimeoga, nimekula, nimesahihisha madaftari ya darasa la tatu. Bado inalia.

Kila Ijumaa kaka yangu Marwa, tarishi wa ofisi ya mifugo Musoma, hunichukua shuleni Bunda kwa pikipiki ya ofisi. Leo, kwenye njia panda ya kuingia Butiama, alikata kulia bila kugeuza shingo. Lori lilikuwa tayari ubavuni, linatupita. Likaingia majanini. Joto la injini yake nililisikia gotini.

Kaka alicheka. Mimi nilitapika.

Jumamosi, 8 Mei

Nimemwuliza kwa nini hageuki. Kumbe ni Bibi. Siku alipokabidhiwa pikipiki, Bibi alimtemea mate kifuani, akambariki: asigeuke mpaka afike, akigeuka baraka inabaki njiani. Bibi ametembea kwa miguu maisha yake yote. Kwake yeye, kinachokuja nyuma kinakuja polepole.

Nilimweleza. Kabla ya kukata kona, geuka. Kabla ya kukwepa shimo. Kabla ya kupunguza mwendo.

"Mwalimu, mimi si darasa la tatu," alisema. "Kabla yako nilikuwaga nafika."

Namchukia akisema hivyo.

Jumatatu, 10 Mei. Bunda

Tumepatana. Yeye anaendesha, mimi nageuka. Nikimgonga bega mara moja, njia nyeupe. Mara mbili, asubiri. Tumefika salama, shingo inaniuma.

Halafu akaondoka peke yake kwenda Nyamuswa. Nani atamgonga bega?

Jumatano, 12 Mei

Amepita shuleni. Usukani umepinda, bamba la tope limekwaruzika. Anasema aligongwa na ng'ombe. Kwenye mikwaruzo kuna rangi ya bluu.

Niliogopa.

Ijumaa, 14 Mei. Butiama

Nimempigia Bibi magoti. Nimemwomba amfungue Kaka.

"Nikimfungua anabaki na nini, mjukuu wangu? Unataka aende uchi?"

Kaka alikuwa mlangoni. Safari hii hakucheka. "Mwache Bibi," alisema tu. Mkono wake wa kulia haunyooki vizuri. Anauficha mfukoni.

Jumatatu, 17 Mei. Musoma

Niko kwa Shangazi, Makoko. Ziwa limetulia. Shangazi ananikaangia sato, hajaniuliza nimefuata nini mjini siku ya kazi.

Niliomba ruhusa shuleni, nikaja kwa basi la asubuhi. Barua niliiandika jana kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, kwa Bwana Mifugo. Kwamba tarishi wake hatazami nyuma na hatatazama. Kwamba anyang'anywe pikipiki leo hii, hata kama kazi nyingine hakuna. Nilitia jina langu kamili, Kaka asije akamshuku mtu mwingine.

Karani aliipokea saa nne. Nilisubiri mpaka alipoiingiza ndani.