Shukrani kwa Mguu wa Damari

Mitundu

Mama Neema,

Niwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Hofu ilinizuia kuandika. Kidonda cha mguu wa wifi yako Damari hakiponi, na madaktari bado hawajaamua kama wataukata. Ninaogopa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Jumapili alinitaka nimshike mkono hadi madhabahuni, akatoa jogoo wa shukrani. Nikamnong'oneza, "Unashukuru nini, nawe hujapona?"

Akajibu kwa sauti, "Kaka, mguu huu umenilimia mtama tangu usichana. Niuage bila asante?"

Watu walicheka. Jogoo aliponadiwa baada ya ibada, nilimnunua. Damari akasema, "Loo, kumbe umekuja kula shukrani yangu!"

Jioni aliniomba niombee chakula. Nilishukuru kwa ugali na mlenda, lakini nilipofika kwenye mguu, nilirudia kushukuru kwa mlenda. Akasema "Amina" kwa nguvu, akanisogezea bakuli.

Mungu akulinde, mke wangu, nawe usiache kula kwa ajili ya wasiwasi. Madaktari wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, liwe jema au baya.

Mumeo,
Baba Neema