Meza Sita za Pasi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa ofisini saa mbili asubuhi. Nikajua tu, ni yale mashuka ya hoteli yaliyorudishwa na doa la chai. Kutoka meza za pasi hadi mlango wa ofisi ni hatua kama ishirini, na zote nilizitumia kupanga maneno ya kujitetea. Hayakuhitajika.

Mama alikuwa amenyoosha mguu mbaya juu ya stuli. (Wote dobini tunamwita Mama. Dobi ni lake, alilianzisha na mabeseni mawili.) Mwanawe, tunayemwita Msomi, kakaa pembeni na kompyuta yake. Mama akasema miguu yake imegoma, ngazi za stoo hazipandi tena. Kuanzia leo dobi litaendeshwa na mimi.

Nikamtazama Msomi. Naye ananitazama mimi. Kumbe habari tunaisikia pamoja!

Nimepiga pasi miaka sita, nimesimamia meza za pasi miaka mitano. Sijawahi kuendesha kitu chochote, hata baiskeli. Nikauliza, kwa nini mimi, Mama? Akasema nianze kazi kwanza, maswali yatafuata.

Halafu akanipa barua ya hoteli nisome. Wanataka mashuka yachukuliwe asubuhi na yarudi jioni ileile. Wakikosa, kuna dobi jipya upande wa pili wa mji, lina mashine kila kona. Kwa hiyo Mama ameagiza mashine ya kunyoosha mashuka. Unaingiza shuka huku, linatokea kule limenyooka. Kazi ya meza nne.

Meza zetu ni sita. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Akaniambia nisimwambie mtu kwanza. Meza ya nne ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi ndiye niliyemleta hapa.

Jumanne, 5 Machi

Semina ya viongozi wa biashara. Mama ndiye aliyeniandikisha. Ukumbi una viyoyozi, nimetetemeka hadi saa sita.

Mkufunzi ana suti iliyombana na sauti ya kutangaza mpira. Kasema dunia inabadilika kila siku, na kiongozi anayetaka kudumu awe na sifa tano. Nimeandika zote: maono, uthabiti, wepesi wa kubadilika, usikivu, ujasiri.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, uthabiti na wepesi wa kubadilika vinakaaje ndani ya mtu mmoja? Nitajuaje sasa ni wakati wa kushikilia au wa kuachia? Akasema, "Swali zuri sana." Watu wakapiga makofi. Akaendelea na sifa ya nne.

Mwenzangu wa kiti cha pili, muuza matangi ya maji, alikuwa amesinzia. Alipoamka akaniuliza tumefika sifa ya ngapi. Nikampa daftari langu anakili.

Nimerudi na cheti. Jibu sikulipata.

Alhamisi, 7 Machi

Nilipoingia chumba cha pasi, kimya. Chumba kile hakijawahi kuwa kimya. Huwa tunapiga soga mvuke unapiga filimbi, na juzi tu mimi ndiye niliyekuwa nacheka zaidi ya wote. Leo zinasikika pasi peke yake.

Wifi akasema, "Karibu, bosi." Wengine wakainama kwenye mashuka yao, mabega yanacheza.

Nikashika pasi ya meza ya pili nisaidie. Nilidhani watafurahi. Bibi Kola akaja akaichukua mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Ni mkubwa wetu wote, tunamwita hivyo kwa sababu kola ya shati akiinyoosha yeye inasimama yenyewe. Akasema, "Weka chini, mwanangu. Ukipiga pasi wewe, nani atakuwa anafikiri?"

Sijui kanisaidia au kanifukuza. Nimelifikiria jambo hilo siku nzima, kwa hiyo angalau kazi aliyonipa nimeifanya.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimejaribu uthabiti. Nimejuta.

Wa meza ya sita — yule mwembamba, mpole, hata akikohoa anaomba radhi — kafika saa nne. Juzi nilitangaza kwamba saa moja na nusu ni saa moja na nusu. Wote wananitazama. Nikamwambia arudi nyumbani. Hakubisha. Akakunja aproni yake akaondoka.

Nusu saa baadaye nikaambiwa alikuwa amempeleka mama yake hospitali alfajiri. Alipigia simu ya ofisi. Simu ya ofisi sasa ni yangu, na ilikuwa kwenye mkoba wangu, imezimwa sauti.

Uthabiti gani huu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwomba msamaha yule wa meza ya sita. Mbele ya wote, kwa sababu nilimrudisha mbele ya wote. Akasema, "Yameisha, dada," huku anatazama chini.

Msomi akanifuata koridoni. Akasema kwa adabu tu kwamba kiongozi haombi radhi mbele ya wafanyakazi, anajishusha. Ningemwambia pembeni, ofisini, mlango umefungwa. Nikamuuliza, kosa la hadharani linafutwaje chumbani? Akasema, "Dada, mimi nakuambia tu vitabu vinavyosema."

Labda vitabu viko sahihi. Leo watu wamerudi kupiga soga mbele yangu. Hilo ni heshima kupanda au heshima kushuka?

Jumapili, 10 Machi

Wifi kaja kula kwetu, kama Jumapili zote. Nyumbani haniiti bosi. Nikawa nampakulia, akaniuliza kwa sauti ya chini ili kaka yake asisikie: "Wifi, ni kweli kuna mashine inakuja?"

Nikasema, "Mashine gani?"

Akanitazama. Nikamwongezea mchuzi.

Baada ya kuondoka, mume wangu akasema siri ya kazi ni siri ya kazi, nimefanya vyema. Lakini hakuniangalia usoni aliposema, alikuwa anafuta meza ambayo nilishaifuta.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kwa Mama kabla hajamaliza chai. Nikamwambia nataka kuwaambia watu habari ya mashine.

Akauliza, "Unaniomba ruhusa au unanipa taarifa?"

Nilikuwa sijui. Kweli kabisa nilikuwa sijui, ningeweza kusema lolote kati ya mawili. Mdomo wangu ukasema, "Nakupa taarifa, Mama."

Akaendelea kunywa chai. Nikaona nimejimaliza. Basi nikamuuliza tena lile swali la kwanza, maana nilikuwa sina cha kupoteza: kwa nini mimi, na mwanao amesoma?

Akasema, "Mwanangu ni hodari. Lakini watu wakimkasirikia, wanamkasirikia akishatoka. Mimi pia, miaka hii yote, wananinung'unikia nikishatoka. Wewe wanakukasirikia usoni."

Akarudi kwenye chai yake.

Hiyo ni sifa? Haimo kwenye zile tano. Nimepekua daftari la semina kurasa zote. Kwangu inasikika kama ugonjwa.

Jumatano, 13 Machi

Nimewaambia. Naandika nikiwa nimekaa kituoni, nimeacha magari mawili yapite, sitaki kufika nyumbani bado.

Saa tano niliwaambia wazime pasi zote. Bibi Kola akasema kumekucha. Nikasimama katikati, nikasema bila kuzunguka: mashine inakuja Ijumaa, itafanya kazi ya meza nne, tulijua tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na mimi nilikuwa mmoja wa waliojua.

Pasi zinapoa, unasikia chuma kinalialia.

Wifi ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Jumapili ulinipakulia chakula huku unanidanganya."

Nikasema, "Ndiyo."

Nilikuwa na maelezo. Mama alinikataza, sikuwa na uhakika, na kadhalika. Yote yalikuwepo kooni. Yalikataa kutoka, au mimi niliyakataa. Akachukua mkoba wake akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Halafu wakanigeukia. Wote, kwa zamu na bila zamu. Wa meza ya kwanza akasema nimesahau nilikotoka, nimevaa viatu vya ofisini siku tisa tu na tayari nimewauza. Wa meza ya pili alilia. Niliwaacha. Sikujua la kufanya, ndiyo maana niliwaacha — mtu asije akadhani ilikuwa busara.

Bibi Kola akauliza swali moja: hiyo mashine inanyoosha nini na nini? Nikasema mashuka, foronya, vitambaa vya meza. Vitu bapa. Akauliza, na shati? Nikasema shati haiwezi. Gauni? Haiwezi. Suti je? Nikasema, Bibi, chochote chenye mkono au mguu haiwezi.

Ndipo yule mpole wa meza ya sita, huyo niliyemrudisha nyumbani, akasema kitu kwa sauti ya kuomba radhi. Kila wiki watu wanagonga mlango wa mbele na nguo zao na tunawafukuza, kwa sababu mashuka ya hoteli yamejaa kila meza. Kama mashuka yanaondoka mezani, si nguo zitapata nafasi?

Miaka mitano nimesimamia meza hizi. Mimi mwenyewe nimewafukuza watu wale mlangoni. Sikuliona.

Wakaniuliza, je, nguo hizo zinatosha watu wanne? Nikasema sijui. Wakauliza, kuna atakayeachishwa? Nikasema sijui, ila nikijua jioni watajua asubuhi. Wa meza ya kwanza akasema, "Kiongozi gani hajui?"

Nilipotoka wifi hakuwepo kwenye ngazi. Gari la tatu hilo linakuja.

Ijumaa, 15 Machi

Mashine imefika. Haiingii mlangoni.

Hakuna aliyepima! Mama alidhani Msomi kapima. Msomi alidhani mimi. Mimi sikujua kwamba mashine hupimwa. Wabebaji saba wamesimama na dude limefunikwa turubai, fundi wa mashine anatazama saa, na jua linawaka.

Nikangoja mtu aseme tufanyeje. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wote wananingoja mimi. Nikasema, bomoeni fremu.

Msomi ndiye aliyeshika nyundo kwanza. Shati jeupe, mikono imekunjwa, vumbi hadi kwenye nyusi. Sikumtegemea. Tulipopumzika akaniambia kwamba kwake, Jumatatu ile ya kwanza ilikuwa kama kofi. Na kwamba yeye angewapunguza watu wanne siku ileile, akawapa barua nzuri, na kwenye karatasi angekuwa sahihi. Kisha akasema, "Zile nguo za mlangoni nisingezisikia."

Nikamwambia na mimi sikuzisikia. Mimi nilitaja tu vitu bapa, nguo walizitaja wao.

Akacheka. Kisha akasema bado anaona nakosea kuwaambia watu kila kitu. Nikasema huenda. Tukarudi kwenye matofali.

Wifi siku nzima kapiga pasi bila kunitazama. Salamu anajibu. Anajibu kama anavyomjibu mkaguzi wa afya.

Jumamosi, 16 Machi

Fundi wa mashine kaniambia leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Atafundisha watu wawili, basi. Wenye mikono myepesi, maana shuka likiingia limepinda linatoka limechanika. Nichague.

Wote sita wamesikia. Na wote wanajua, hata kama sijasema, kwamba aliyeko kwenye mashine haondoki. Habari ya nguo za mlangoni bado ni matumaini. Mashine ipo pale, imefungwa kwa skrubu sakafuni.

Nikawaomba wachague wenyewe. Nilidhani huo ndio usikivu. Bibi Kola akasema, "Usitutupie hilo. Mengine tutakusaidia. Hilo ni lako." Akaongeza kwamba yeye nisimweke kwenye hesabu, haendi popote, mashati yapo na kola zipo.

Nikasema nipeni dakika kumi. Nimejifungia stoo, nimekaa juu ya marobota ya foronya, naandika kwa sababu nikifikiri bila kalamu nazunguka palepale.

Wa kwanza ni rahisi, yule wa meza ya sita. Hakuna atakayebisha.

Wa pili. Mikono bora dobini ni ya wifi. Kila mtu anajua, hata fundi wa mashine amemwona asubuhi hii tu na akaniuliza yule ni nani. Nikimchagua, watasema undugu. Nikimwacha ili wasiseme undugu, basi nimemwacha kwa sababu ya undugu. Na yeye mwenyewe atasema namhonga anisamehe. Je, simhongi? Nimejiuliza mara tatu. Ningemchagua kama tusingekuwa ndugu? Ndiyo. Ningemchagua kama Jumapili ile nisingemdanganya? Ndiyo, lakini ningetoka stoo mapema zaidi.

Wa meza ya kwanza ana watoto wanne. Wa meza ya pili alilia Jumatano. Wa meza ya tatu hajasema neno tangu haya yaanze na labda huyo ndiye ningepaswa kumhofia zaidi. Mkufunzi yule angesema niwe jasiri. Ujasiri wa kumchagua au ujasiri wa kumwacha, hakufika huko.

Nawasikia nje. Fundi anauliza kama mimi ndiye mwenye kiwanda. Mtu anamjibu kwamba siye, lakini ndiye. Halafu wifi, karibu kabisa na mlango, anawaambia wenzake kwamba yeye hataki kuchaguliwa na mtu yule, hata bure hataki. Anajua nipo humu. Anajua mbao za mlango huu zina nafasi.

Fundi anagonga. Nimesema nakuja.

Nimeandika jina la pili kwenye karatasi. Nimelikata. Nimewataja wengine mmoja mmoja, kwa mdomo, kuona kama lipo linalokaa. Nimeandika tena, na ni lilelile, la wifi.

Mlango unagongwa tena. Si fundi. Fundi hagongi hivyo, kwa kiganja; ndivyo wifi anavyogonga kwetu Jumapili.

Nafungua.